Mchanga na pitimosi: namna ya kuandaa mchanganyiko wa kuotesha vipandikizi na mbegu ndogo

Kipandikizi kikishakatwa kwenye mti mama hakina mizizi ya kunyonya maji, ila majani yake yanaendelea kutoa maji hewani vilevile. Mtu akiona majani yameanza kulegea anakimbilia kumwagilia, asubuhi na jioni, na baada ya wiki mbili anang'oa kijiti cheusi, laini, chenye harufu upande wa chini. Hakikufa kwa kiu hicho. Kimeoza kwa kukosa hewa.

Pale kilipokatwa panahitaji unyevu usiokatika na hewa kwa wakati mmoja. Udongo wa shambani, hasa ule mwekundu wa mfinyanzi, ukiwekwa kwenye kopo au kiriba (kifuko cha kuoteshea miche) hauwezi kutoa vyote viwili: ukilowa unaziba, ukikauka unakuwa tofali. Mchanga mkavu wa mto una hewa tele lakini haushiki maji. Pitimosi, yaani mabaki ya mimea midogo ya kinamasini, inashika maji kama sifongo, lakini ikiwa peke yake huwa inalowa kupita kiasi. Kazi yote ya mwongozo huu ni kuvipatanisha vitu hivyo viwili, kwa kipimo kinachofuata mmea ulionao, kina cha chombo chako na hali ya hewa ya kwako.

Jambo hili si geni. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha California kilitoa kitabu cha mwongozo kwa wenye vitalu, kilichohaririwa na Kenneth F. Baker, chenye michanganyiko mitano: kutoka mchanga mtupu, kupitia nusu kwa nusu, hadi pitimosi tupu. Uingereza nako, tangu miaka ya 1930, taasisi ya John Innes ilikuwa na kanuni yake ya kuotesha mbegu: udongo mzuri sehemu 2, pitimosi 1, mchanga 1. Waliloligundua Wamarekani ni kwamba mchanga na pitimosi karibu havina chochote ndani yake, si chumvi, si mbolea, si magonjwa mengi. Kwa hiyo ukivichanganya leo na ukivichanganya mwakani utapata kitu kilekile. Mboji na samadi ni nzuri shambani, lakini hazina tabia hiyo.

Pitimosi ni nini, na ununue ipi

Ni mabaki ya mimea midogo laini ya jamii ya Sphagnum inayoota kwenye vinamasi vya nchi za baridi: Kanada, Finland, Estonia, Latvia, Lithuania na kwingineko. Mimea hiyo ikifa haiozi vizuri kwa sababu maji ya kinamasi hayana hewa na yana uchachu, hivyo inarundikana, takriban milimita moja tu kwa mwaka. Inayofika madukani kwetu imekaushwa na kubanwa kwenye marobota ya plastiki. Ukilifungua robota na kulifumua, ujazo unaongezeka sana, kwa hiyo usome lita zilizoandikwa kwenye mfuko na usikadirie kwa macho.

Mambo matatu ya kujua kabla ya kulipa. Kwanza, kuna pitimosi ya kahawia, yenye nyuzi ndefu, na kuna nyeusi iliyooza zaidi. Kwa vipandikizi chukua ya kahawia, maana nyeusi inakaa na maji mengi na kusagika upesi. Pili, angalia kama ni tupu au tayari imetiwa chokaa na mbolea. Mifuko mingi inayouzwa kwa ajili ya trei za miche ya nyanya na kabichi imeshatiwa. Hiyo si mbaya kwa mbegu za mboga, lakini ukiiongezea chokaa yako utavuruga mambo. Tatu, pitimosi tupu ina uchachu mkali, pH (kipimo cha uchachu, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) kati ya 3.5 na 4.5.

Usidhani kila kitu kinachochimbwa kinamasini ni kilekile. Ile inayochimbwa mabondeni Rwanda na kuitwa nyiramugengeri, ambayo hutumika kama nishati, haikutokana na Sphagnum. Imetokana na mafunjo na matete, ni nzito, na haina nyuzi zile zinazoshika hewa. Na yale mabwawa makubwa ya bonde la Kongo, yaliyochorwa kwenye ramani ya kisayansi mwaka 2017 na kukutwa na eneo la karibu kilomita za mraba 145,000, yamehifadhi kaboni nyingi mno kiasi kwamba heri yabaki yalivyo. Hata Ireland, nchi iliyochimba vinamasi kwa karne nyingi, kampuni yake ya umma ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuchimba. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: pitimosi ni ghali na haioti upya kwa umri wako. Iweke pale inapohitajika kweli, yaani kwenye vipandikizi vigumu kuotesha na mbegu ndogo kama vumbi. Kujazia chungu kikubwa cha maua nje ya mlango ni kuifuja.

Mchanga: hapa ndipo wengi wanapokosea

Watu hununua pitimosi ya bei, kisha wanachota mchanga wowote uliobaki kwa fundi. Mchanga mwembamba kama unga unajipenyeza katikati ya nyuzi za pitimosi na kuziba zile nafasi za hewa ulizozilipia. Mchanganyiko unakuwa mzito, unashikana, na maji yanasimama juu. Bora usitie mchanga kabisa kuliko kutia huo.

Unaoutaka una chembe kati ya nusu milimita na milimita 2, zenye kingo, unaokwaruza ukiusugua viganjani. Mchanga wa mto au wa korongo mara nyingi unafaa. (Wale wa California walitumia mchanga mwembamba kwa makusudi, lakini walikuwa na mashine za kuchanganya, vipimo vya maabara na watu wa kumwagilia kwa ratiba. Kwa kitalu cha nyuma ya nyumba, chembe nene inakusamehe zaidi.)

Wa ufukweni uache. Una chumvi, na hata ukiusuuza, umejaa vipande vya makombe na matumbawe ambavyo ni chokaa tupu. Kama huna uhakika na asili ya mchanga wako, dondoshea siki kijiko kimoja: ukitoa povu na kuchemka, una chokaa, na hautafaa mimea inayopenda uchachu.

Kupima tope ni rahisi. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo hadi theluthi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha saa moja. Mchanga utatua mara moja, na tope litakaa juu yake kama ukanda wa rangi nyingine. Ukiuona ukanda huo waziwazi, osha: tia mchanga kwenye karai, mimina maji, koroga, mwaga maji machafu, rudia mpaka yatoke meupe. Kisha upitishe kwenye wavu wa chuma wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Unaobaki juu ya wavu ndio wa vipandikizi, baada ya kuokota kokoto na vijiti. Unaopita chini usiutupe, utakufaa kufunika mbegu.

Mchanga wa mtoni unaweza kuja na vimelea vya kinyausi (ugonjwa unaoozesha miche michanga) na minyoo ya mizizi, kwa hiyo uupitishe kwenye joto. Njia ya pipa ndiyo ninayoiamini. Weka maji kina cha sentimita 15 chini ya pipa, panga matofali, juu yake wavu wa chuma, kisha gunia la mchanga wenye unyevu. Funika, washa moto. Fukia kiazi kibichi cha ukubwa wa yai katikati ya gunia. Kiazi kikiiva, joto limefika kila mahali, na nusu saa ya nyuzi 60 hadi 80 inatosha kuua vimelea vinavyoozesha miche. Usiye na pipa, tandaza mchanga uliolowa kwa unene wa sentimita 15, ufunike na plastiki inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa udongo, uuache juani wiki nne hadi sita za kiangazi. Pitimosi mpya ya kwenye robota haihitaji haya yote.

Kulowesha na kuchanganya

Pitimosi iliyokauka inakataa maji. Utamimina juu na maji yatateleza pembeni, ndani mkavu kabisa. Ifumue jioni kwenye beseni, mwagia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukikanda kwa mikono, funika, ilale mpaka asubuhi. Ikiendelea kugoma, tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita ya maji litaivunja. Vaa glavu kama una michubuko mikononi, na usiifumue ikiwa kavu bila kujifunga kitambaa puani, maana vumbi lake si la kuvuta.

Kipimo ni ujazo, si uzito. Debe la mchanga mkavu wa lita 20 lina zaidi ya kilo 30, wakati debe la pitimosi iliyofumuliwa halifiki hata kilo 5 kabla ya kulowa. Tumia kopo au ndoo ileile kwa vyote viwili, usishindilie. Usishangae ndoo moja na ndoo moja zikikupa pungufu ya ndoo mbili, kwa sababu mchanga unaingia kwenye matundu ya pitimosi.

Changanya juu ya turubai safi, kwa kugeuza chini juu, mpaka usione tena michirizi ya rangi mbili. Kisha ukamate mkononi na ukamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu na bonge likabaki limeshikana lakini likavunjika ukiligusa, unyevu uko sawa. Maji yakichuruzika, tandaza upungue. Lisiposhikana, ongeza maji.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho wenye vitalu vidogo hawakifanyi, na ndicho kinachoonyesha mapema kama vipandikizi vitaoza. Chukua kopo la lita moja lenye matundu chini, lenye kina sawa na chombo utakachopandia. Ziba matundu kwa utepe, jaza mchanganyiko, gongagonga kidogo mezani ukae. Mimina maji polepole mpaka yaonekane juu kabisa, acha saa nzima, ongezea yaliyopungua. Weka kopo juu ya beseni, toa utepe, acha yachuruzike mpaka yaishe. Pima yaliyotoka. Yakiwa mililita 200, basi asilimia 20 ya mchanganyiko wako sasa ni hewa. Kwa vipandikizi nataka kati ya asilimia 15 na 25. Chini ya 10, ongeza mchanga mnene au badilisha mchanga kabisa. Juu ya 30, utamwagilia kutwa.

Nimesema kina kiwe sawa kwa sababu maalumu. Chini ya kila chombo, hata chenye matundu mengi, hubaki tabaka lililolowa ambalo uzito wa maji pekee hauwezi kuliondoa. Kwenye chungu cha sentimita 20 tabaka hilo ni sehemu ndogo. Kwenye trei ya sentimita 4 linaweza kufika karibu na juu. Mchanganyiko uleule unaweza kuwa mkavu kwenye ndoo na bwawa kwenye trei. Ndiyo maana pia kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri hakusaidii: tabaka lililolowa linahamia tu juu ya kokoto, na umepoteza kina.

Vipimo kwa aina ya mmea

Nusu kwa nusu ndio mwanzo mzuri kwa vipandikizi laini na vya kati: koleusi, waridi, haibiskasi, jerania, pia majani ya urujuani wa Usambara (African violet). Bugenvilea, rozmeri, lavenda na mimea ya majani manene kama mishubiri na kalanchoe yanataka mchanga zaidi, sehemu 2 au 3 kwa pitimosi 1. Ukiwa sehemu za joto kali na upepo mkavu, kama Dodoma au Garissa, punguza mchanga kidogo. Ukiwa Lushoto au Limuru wakati wa masika na ukungu, ongeza. Mbegu ndogo geuza: pitimosi 2 au 3, mchanga 1.

Mchanga mtupu nao unaotesha mizizi, na ni wa bure. Tatizo ni mizizi yenyewe: inatoka mirefu, minene, isiyo na matawi, inayokatika ukiihamisha. Robo tu ya pitimosi inabadilisha sura hiyo, mizizi inatawanyika na kushika bonge. Kwa mimea rahisi kama koleusi haijalishi. Kwa rozmeri uliyoisubiri wiki sita, inajalisha.

Kupanda vipandikizi

Kata asubuhi mapema, kabla jua halijakausha mti mama, kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Chagua tawi la msimu huu lisilo na ua, lenye unene wa penseli au pungufu, urefu wa sentimita 8 hadi 15. Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota, kwa kuwa mizizi hutoka kwa wingi hapo. Ondoa majani ya nusu ya chini. Ya juu yakiwa mapana, kama ya haibiskasi, yakate nusu kwa mkasi ili kupunguza upotevu wa maji, ila usiyaondoe yote, chakula cha kuotesha mizizi kinatengenezwa humo. Vifunge kwenye gazeti lililolowa mpaka utakapopanda, na upande siku hiyohiyo.

Homoni ya kuotesha mizizi ya unga inasaidia mimea migumu. Ile ya asilimia 0.1 ni ya vijiti laini, 0.3 ya vilivyoanza kukomaa, 0.8 ya vigumu kabisa. Mimina kidogo kwenye kifuniko, chovya ncha, kung'uta iliyozidi. Usichovye kwenye kopo lake lenyewe, utaliharibu. Kwa koleusi ni kupoteza pesa.

Toboa shimo kwanza kwa kijiti au kalamu, ndipo uingize, unga usije ukakwanguliwa njiani. Zamisha theluthi ya urefu, bana kwa vidole, mwagia mara moja kwa mnyunyizo mwepesi ili mchanga ushikane na shina.

Kisha unyevu wa hewa. Kwa vipande vichache, chupa ya maji ya lita tano iliyokatwa kitako na kufunikwa juu ya chungu inatosha. Anayeotesha mamia atengeneze sanduku la plastiki lisilohitaji umeme wala mashine ya ukungu, la aina ambayo watafiti wa kilimo mseto, wakiwemo wa ICRAF (kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo hicho), wameieneza kwenye vitalu vingi vya Afrika kwa kuotesha miti. Ni fremu ya mbao yenye upana wa mita moja hivi, ili mkono ufike katikati. Chini inatandikwa plastiki isiyovuja, juu yake mawe, kisha kokoto, kisha mchanga, na maji yanajazwa yakome ndani ya tabaka hizo. Mchanganyiko wako unakaa juu kabisa, sentimita 10, usiguswe na maji yaliyosimama. Fremu nzima inafunikwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, yenye mlango. Hapa kokoto zina kazi: zinabeba hifadhi ya maji inayopanda kama mvuke. Pitisha kipande cha mwanzi au bomba wima hadi chini, uweze kuona kina cha maji na kuongezea. Weka sanduku kivulini, chini ya mti au wavu wa kivuli. Jua kali moja kwa moja litavipika.

Baada ya hapo, mkono utulie. Fungua asubuhi, nyunyizia majani maji kidogo kama yamekauka, okota majani yaliyoanguka kabla hayajaota ukungu mweupe. Mchanganyiko wenyewe huenda usihitaji maji kwa siku nyingi. Ukiona utando wa kijani juu yake, au vijidudu vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu, unamwagilia kupita kiasi.

Koleusi inaota mizizi ndani ya wiki moja hadi mbili. Rozmeri ni wiki nne hadi sita. Bugenvilea inaweza kukusubirisha miezi miwili na zaidi, na itakudanganya: inachipua majani juu kabla ya kuwa na mzizi hata mmoja. Usivute kila siku kuangalia. Vuta kwa upole kimoja, ukisikia kinashikilia, ingiza kijiti chini yake ukinyanyue. Mizizi yenye urefu wa sentimita 2 au 3 inatosha kuhamia kwenye kiriba. Zaidi ya hapo itakaa bure na njaa, kwa sababu mchanganyiko huu hauna chakula.

Urujuani wa Usambara, kwa jani moja

Ua hili linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani asili yake ni kwetu, kwenye miamba yenye kivuli ya misitu ya Usambara na maeneo jirani hadi kusini mwa Kenya. Afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Aina nyingi za porini ziko hatarini, kwa hiyo jani lichukue kwenye chungu cha jirani, msitu uachwe.

Chagua jani la safu ya kati, si kuukuu wala changa. Kata kikonyo kibaki sentimita 3, kwa mshazari, uso wa mkato ukitazama upande wa mbele wa jani. Tia kwenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kina cha sentimita moja na nusu tu, likiwa limeinama kidogo. Ukizamisha zaidi vitoto vitachelewa kutokeza. Funika kwa mfuko unaopitisha mwanga, weka mahali peupe pasipo na jua. Mizizi huja ndani ya wiki tatu au nne, na vitoto hutokeza kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Kila kimoja kikiwa na majani matatu au manne, vitenganishe kwa kijiti, kila kimoja chungu chake kidogo. Chungu kikubwa kitabaki na maji ambayo mizizi hiyo haiwezi kuyamaliza.

Mwagilia kwa kuweka chungu kwenye sahani yenye maji nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Maji baridi yakidondokea jani yanaacha madoa yasiyotoka. Maji ya mvua ndiyo bora.

Mbegu kama vumbi

Begonia na petunia ndizo zinazostahili gharama. Jaza trei mchanganyiko wa pitimosi 3 kwa mchanga 1 uliochekechwa, sawazisha kwa ubao, lowesha kutoka chini kabla ya kusia. Changanya mbegu na kijiko cha mchanga mwembamba mkavu, ule uliopita kwenye wavu, ndipo utaona ulipozimwaga. Usizifunike, zinahitaji mwanga. Weka kioo au plastiki juu, uitoe kidogo kidogo baada ya kuota. Kinyausi kikianza, miche inalala chini kwa mduara unaopanuka. Toa mduara huo pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa. Mbegu za mchicha au figili hazihitaji lolote kati ya haya.

Ukitaka mmea ukae humohumo

Mpaka hapa tumezungumzia kuotesha tu. Kama mmea utakulia ndani ya mchanganyiko kwa miezi, uchachu na njaa lazima vishughulikiwe. Kwa nusu kwa nusu, tia chokaa ya dolomiti gramu 3 hadi 5 kwa lita, na mbolea ya superfosfeti gramu moja na nusu, changanya vizuri, uache unyevunyevu wiki moja hadi mbili kabla ya kupanda. Naitrojeni na potasi zipitie kwenye maji: mbolea ya kuyeyuka ya NPK yenye viwango sawa, gramu moja kwa lita, kila wiki au mbili, ukianza mizizi ikishaonekana. Kila baada ya wiki kadhaa mwagilia maji matupu mpaka yapite chini kwa wingi, chumvi isirundikane.

Usitie chokaa kwa blubberi, azalea na mimea inayokula wadudu. Hii ya mwisho usiitie hata mbolea, na uinyweshe maji ya mvua tu.

Maji ya kwenu yanahusika pia. Visima vingi kuzunguka Mlima Meru vina magadi na floridi nyingi. Magadi yatapandisha pH yenyewe, kwa hiyo anza na chokaa ya kiwango cha chini. Floridi inaunguza ncha za majani ya drasena na za mimea ya jamii ya Chlorophytum, ile inayoning'iniza vitoto, na inaunguza zaidi kwenye uchachu. Kwa hizo pH iwe 6 au zaidi kidogo, au utege maji ya paa.

Kokopiti badala ya pitimosi

Kwa kazi nyingi nilizotaja, kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, linatosha kabisa, na linapatikana kwa wakazi wa Pwani ambao wanatupa makumbi kila siku. Linalowa upesi hata likikauka, na pH yake ni kati ya 5.5 na 6.5, kwa hiyo chokaa huihitaji. Tofali la kilo 5 linavimba kufikia lita 65 au zaidi.

Kasoro yake ni chumvi. Minazi inaota karibu na bahari, na makumbi yanayofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Zanzibar, yananyonya maji ya bahari. Loweka vumbi usiku kucha, kamua, mwaga maji, rudia mara tatu. Kisha jaribu kwa mbegu za figili: sia kumi kwenye vumbi lako na kumi kwenye udongo mzuri. Zikiota sawa, tumia kwa vipimo vilevile vya pitimosi. Zikichelewa au zikatoka na ncha zilizoungua, osha tena. Ninapoendelea kung'ang'ania pitimosi ni kwenye vipandikizi vigumu kuotesha, mbegu za vumbi na mimea ya uchachu pekee.

Mchanganyiko uliokwisha kutumika usiutie vipandikizi vipya moja kwa moja. Nyuzi zimeanza kusagika na vimelea vimeshazoea kukaa humo. Chekecha mizizi iliyobaki, upitishe kwenye pipa la mvuke, ongeza robo ya mchanga mnene mpya, kisha urudie kipimo cha kopo. Hewa ikiwa bado chini ya asilimia 15, upeleke kwenye mashimo ya maua au kitanda cha mboga, uandae mwingine.